Haelewi, au hajaelewa?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni. Binti yangu yuko gredi ya saba. Muhula uliopita mwalimu wake aliniambia mbele yake, "Mama, huyu si mtoto wa hesabu, mwache ashike masomo mengine." Tuliporudi nyumbani babake akamwambia asijali, kwani kwao hesabu haziko damuni. Tangu siku hiyo daftari la hesabu halifunguliwi. Ajabu ni kuwa jioni hunisaidia kuuza viazi karai na bajia, na chenji hakosei. Kakake yuko kidato cha tatu. Huyu tangu mdogo kila mtu alimwita "kichwa", na mtihani wa darasa la nane, KCPE ile ya mwisho ya 2023, alipata alama 391. Sasa ameshuka, na juzi nimekuta karatasi yake ya mtihani wa fizikia imefichwa chini ya godoro. Rafiki yangu mmoja asema akili ni majaaliwa, nisijisumbue. Mwengine asema niwaambie kila siku kwamba wanaweza, watafaulu. Nani mkweli? Na mimi nifanye nini? (Mama wa wawili, Kisauni)

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu, na pole kwa mzigo.

Nimeirudia barua yako mara tatu. Umewaeleza wanao kama watu wenye shida mbili tofauti, mmoja hana kichwa na mwingine alikuwa nacho kikaharibika. Mimi naona wamekwama kwa sababu moja. Kila mmoja ameshaambiwa yeye ni nani. Binti anatimiza alichoambiwa, na kaka anakilinda kwa kuficha karatasi.

Rafiki zako wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Watoto hawalingani wepesi wa kushika mambo, na sehemu ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo. Mwalimu yeyote aliyesimama darasani atakwambia hivyo. Ila wepesi huo hauonyeshi mtoto atakomea wapi. Na kumwambia mtoto "unaweza" kila asubuhi bila kubadilisha namna anavyosoma ni kumtuma vitani mikono mitupu: atajaribu, atakwama palepale, kisha ataamini zaidi kuwa hawezi, maana sasa amejaribu kweli.

Imani ya mtoto kuhusu akili yake huwa imelala wakati mambo ni mepesi. Swali likiwa rahisi, anayejiona mjinga na anayejiona hodari wote hulijibu. Huamka pale mtoto anapokwama. Yule anayeamini kuwa akili ni fungu alilogawiwa, limeshapimwa na halitaongezeka, huisoma alama ya kosa kama hukumu juu yake. Ataacha, au ataiba jibu la jirani, au atajidai halimhusu. Yule anayeamini kuwa akili hukua kwa kutumiwa atauona uchungu uleule wa kukosea, lakini atauliza: nimekosea wapi? Tofauti ni hiyo dakika moja baada ya kosa, na dakika hizo kwa mwaka mzima ni nyingi.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa gredi ya tano. Kila mtoto alipewa mafumbo ya maumbo yasiyo magumu sana, akafaulu, kisha akasifiwa kwa sentensi moja. Baadhi waliambiwa: umefaulu, bila shaka una akili. Wengine: umefaulu, bila shaka umejitahidi. Halafu wakapewa mafumbo yaliyowazidi, wote wakafanya vibaya. Mwisho wakapewa tena mafumbo ya kiwango cha kwanza. Waliosifiwa akili walipata chini ya walichopata mwanzo, na waliosifiwa juhudi walipata zaidi. Sentensi moja, dada yangu, kutoka kwa mtu wasiyemjua.

Kuna sehemu ya utafiti huo niliyoikumbuka niliposoma habari ya godoro. Watoto waliombwa wawaandikie wenzao wa shule nyingine kuhusu mafumbo yale, na wataje alama walizopata. Karibu wanne katika kila kumi wa waliosifiwa akili walijiongezea alama. Katika kundi la waliosifiwa juhudi waliodanganya walikuwa wachache zaidi. Wale hawakuwa watoto waongo. Walikuwa wamepewa jina zuri, wakaogopa kunyang'anywa. Mwanao ana miaka kumi na kitu akiitwa "kichwa". Mtu aliyelelewa na jina hilo akipata 34 ya fizikia, haoni mada mbili za kurudia. Anaona kwamba aliyekuwa akipendwa nyumbani si yeye.

Sikiliza pia jinsi tunavyosema. Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hili, na hayana maana moja. Akili tunazitumia, tunazinoa. Mtoto hupata akili kadiri anavyokua, na mtu mzima aliyeteleza huambiwa atie akili. Kichwa ni habari nyingine. Kichwa mtu anacho au hana, ni chepesi au kizito, na sijasikia mtu akiambiwa akakinoe. Hata ile methali ya akili ni nywele, kila mtu ana zake, watu huisema kana kwamba maana yake ni kila mtu na fungu lake, basi. Lakini nywele huota, na zinataka kuchanwa. Mwalimu wa binti yako, na wale waliomwita mwanao kichwa, wote walichota kwenye neno la pili.

Na kuna jambo lugha yetu inalo ambalo wengine wamelitafuta kwa taabu. Dweck amesimulia kuhusu shule moja ya sekondari Chicago ambako mwanafunzi asiyefaulu somo haandikiwi kwamba ameanguka, huandikiwa "bado". Likawa jambo la kuhubiriwa dunia nzima. Sisi hilo "bado" tunalo ndani ya kitenzi chenyewe. "Haelewi" ni habari ya mtu alivyo. "Hajaelewa" ni habari ya kazi ambayo haijafika mwisho. Silabi moja na irabu ya mwisho tu. Hata katika ripoti za mtaala wa umilisi (CBC) anazoleta binti yako yumo huyo bado: mtoto huandikiwa kuwa anakaribia matarajio, na anayekaribia yuko safarini. Wiki hii jisikilize mwenyewe nyumbani, ni mara ngapi unasema "hawezi" mahali pa "hajaweza". Msikilize na baba watoto.

Kuhusu baba watoto, nataka kusema kwa heshima, maana alichofanya alikifanya kwa mapenzi. Alimwona mwanawe amevunjika moyo, akamfariji. Mwaka 2012 Aneeta Rattan, Catherine Good na Carol Dweck walichapisha utafiti juu ya faraja ya namna hiyohiyo: mwalimu anayeamini uwezo wa hesabu haubadiliki humwambia mwanafunzi aliyefanya vibaya kwamba si neno, si kila mtu ni wa hesabu, ana mambo mengine anayoyaweza. Wanafunzi walioombwa wajione wakifarijiwa hivyo walisema hamu yao ingepungua, na walitarajia alama za chini zaidi mwisho wa kozi. Walisikia kile kilichokuwa chini ya upole: huyu amekata tamaa na mimi. Binti yako alisikia hivyo mara mbili kwa siku moja, shuleni na nyumbani. Sishangai daftari kufungwa.

Na hiyo habari ya damu, mwambie kuhusu Embu. Watafiti waliwapima akili watoto wa vijijini huko mwaka 1984, wakarudi kuwapima watoto wa namna hiyohiyo mwaka 1998. Katika miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana, hasa kwenye mafumbo ya maumbo. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Maelezo waliyoyatoa watafiti ni ya mambo ya kawaida kabisa: wazazi zaidi walikuwa wamejua kusoma, familia zilikuwa zimebadilika, watoto wakila vyema na wakiwa na afya bora. Hata yule Mfaransa Alfred Binet aliyetunga mtihani wa kwanza wa akili, Paris mwaka 1905 akiwa na Théodore Simon, alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada ili wasaidiwe. Mwaka 1909 aliwapinga kwa maandishi wale waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka, akauita msimamo huo ukataji tamaa wa kikatili. Baadaye mtihani wake ulivuka bahari, ukafanywa mizani ya kile mtu alichozaliwa nacho.

Sasa tuje kwenye meza yako ya viazi karai, maana hapo ndipo jibu la binti yako lilipo.

Mteja anachukua viazi vinne vya shilingi 20 kila kimoja, na bajia za 50, anatoa noti ya 200. Binti yako anarudisha 70 kabla mteja hajafunga mfuko. Hajaandika popote. Pengine alianzia 130, akaongeza 20 ikawa 150, akaongeza 50. Hiyo ni hesabu, tena ya mtu anayejua anachokifanya. Recife, mji wa bandari wa Brazil, watafiti walifanya jambo zuri ambalo matokeo yake yalichapishwa 1985. Walikwenda kwa watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani, wakanunua nao wakiwauliza bei na chenji. Watoto walipatia asilimia 98 ya maswali. Baadaye wakawapa hesabu zilezile kwa karatasi na kalamu, tarakimu tupu. Wakapatia asilimia 37. Watoto ni walewale, kichwa ni kilekile. Mtu aliyewaona kwenye karatasi tu angeapa kuwa si watoto wa hesabu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza binti yako si kama anaweza. Ni daraja gani lililokatika kati ya meza na daftari. Mimi nimefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha walimu, na nakuhakikishia kuwa mtoto wa gredi ya saba anayesemwa hana kichwa, mara nyingi ana shimo moja au mawili ya zamani ambayo hakuna aliyerudi kuyafukia. Mara nyingi ni sehemu: nusu, robo, theluthi. Alianza kupotea gredi ya nne au ya tano, darasa likaendelea, na kila kilichojengwa juu yake kikawa kinayumba. Hesabu ni katili kwa jambo hili. Ukikosa hadithi moja ya Kiswahili utaisoma inayofuata. Ukikosa sehemu, utakwama kwenye asilimia, uwiano na aljebra, kila mwaka, hadi uamini ni wewe.

Jaribu hili Jumamosi. Chukua robo tatu ya kilo ya unga wa dengu, umwambie mnataka kufunga vipakiti vya nusu robo, ile wazee waliyoiita thumni. Vitatoka vingapi? Mwache apime kwa mikono. Atapata sita. Kisha, siku hiyohiyo, aandike kwenye daftari 3/4 kugawa kwa 1/8, na aone kuwa sita ya daftarini ni ileile sita ya vipakiti. Darasani aliambiwa pindua sehemu ya pili kisha zidisha, akakariri au hakukariri. Hakuna aliyemwonyesha kwamba swali linauliza jambo la sokoni: ndani ya robo tatu mna nusu robo ngapi?

Mwache aeleze kwa Kiswahili. Hili nalisisitiza kwa sababu hesabu anaisoma kwa Kiingereza, na swali la maneno linaweza kumshinda kabla hata ya kufika kwenye tarakimu. Akikueleza kwa lugha yake na akapatia, utajua shida ni ya lugha ya swali. Akikosea, utajua ni mahali gani. Na kabla ya yote hayo, mpeleke akapimwe macho. Nimewaona watoto waliokaa nyuma ya darasa miaka miwili wakiitwa wazito, kumbe ubao hawauoni.

Labda utasema wewe hujui hesabu za gredi ya saba. Huhitaji kuzijua. Unahitaji kukaa karibu na kuuliza: umefikaje hapo? Nionyeshe hatua ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo. Akipatia, usimwambie ana akili. Mwambie ulichokiona: "Umeona umekosea, ukarudi nyuma, ukajaribu njia ya kuchora." Na tahadhari hapa, maana wazazi wengi wameelewa nusu. Kumsifia mtoto "umejitahidi" wakati hajaelewa kitu ni kumdanganya, na watoto hujua. Dweck mwenyewe, mwaka 2015, aliandika kulalamikia walimu wanaosifu juhudi kama pipi ya kumnyamazisha mtoto aliyeshindwa. Juhudi isiyoleta kuelewa inataka njia nyingine au mtu wa kusaidia. Kupigiwa makofi hakutaitibu.

Niwe mkweli pia kuhusu ukubwa wa dawa hii ya kuamini kuwa akili hukua, kwa sababu imetangazwa kupita kiasi. Mwaka 2018 Victoria Sisk na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizokwisha fanywa wakakuta kwamba, kwa jumla, imani hii na alama za shule zinahusiana kidogo tu, na mafunzo ya kuibadilisha huongeza alama kidogo, ingawa kulikuwa na dalili kuwa watoto wa familia maskini na walio karibu kuanguka hufaidika zaidi. Mwaka uliofuata David Yeager na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wanafunzi wapatao 12,000 wa gredi ya tisa nchini Marekani. Somo lilichukua chini ya saa moja. Waliokuwa nyuma walipanda kwa takriban 0.1 katika kipimo chao kinachofika takriban pointi 4. Ni kidogo, lakini kwa gharama ya chini ya saa moja si ya kudharau. Kilichonigusa ni kwamba faida ilionekana zaidi katika shule ambako wenzao nao waliona si aibu kushika swali gumu. Yaani maneno uliyompandia mtoto yataota ikiwa udongo wa darasa na wa nyumba unayapokea.

Udongo wa darasa ni mwalimu, na hapa nataka kukiri jambo. Mwaka wangu wa pili kazini, katika shule moja hapa Mombasa, nilikuwa nimewapanga wanafunzi akilini mwangu kabla ya wiki mbili kwisha. Palikuwa na mvulana aliyekaa karibu na dirisha. Sikumtukana, sikumchapa. Nilichofanya ni kuacha kumuuliza. Nikimuuliza kwa bahati, nilingoja kidogo tu kisha nikahamia kwa mwingine, kwa kumwonea huruma. Wale niliowaamini niliwangoja, nikawapa dokezo, nikawarudia. Mwisho wa mwaka mvulana yule alipata nilichokuwa nimemtabiria, nami nikajiona mjuzi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba nilikuwa nimefundisha madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Bado namkumbuka alivyokuwa akitazama nje.

Kwa hiyo nenda kwa mwalimu wa binti yako, lakini usiende kugombana. Madarasa yetu yamejaa, na maneno yale huenda aliyasema akiamini anakupunguzia mzigo. Usimwombe aamini kitu. Mwulize kitu kinachojibika: "Mwalimu, nisaidie kujua ni mada gani ya mwisho aliyoielewa vizuri, tuanzie hapo nyumbani." Ukirudi baada ya wiki tatu na kazi aliyoifanya mtoto, mwalimu ataona mtoto mwingine bila wewe kubishana naye. Na kuna haraka kidogo. Baada ya gredi ya tisa binti yako ataingia sekondari ya juu akiwa amechagua njia moja kati ya tatu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ile ya sayansi ya jamii; au ile ya sanaa na michezo. Akichagua sanaa kwa sababu anaipenda, mwombee dua. Akiichagua kwa sababu mtu alimwambia mbele ya mamake kuwa hana kichwa, hapo atakuwa hajachagua.

Nikitafuta mfano wa hapa kwetu wa mahali ambapo watoto hufundishwa bila kuhukumiwa kichwa, huenda chuoni. Nasema chuo cha Qurani, kile cha mtaani. Ukiacha bakora, ambazo sizitetei, tazama utaratibu wenyewe. Kila mtoto yuko mahali pake. Huyu bado yuko kwenye alifu na bee, yule amefika juzuu ya Amma, mwingine anarudia sura aliyoihifadhi mwaka jana. Akikosea anarudishwa hapohapo, anasoma tena mpaka iwe sawa, ndipo asogezwe. Mmoja huchukua mwezi, mwingine miezi mitatu. Hujasikia maalim akimwambia mzazi, "Huyu si mtoto wa Qurani, mwache." Anasema, "Huyu bado, tutamrudia." Mtoto yuleyule anayeitwa mzito saa nne asubuhi, saa kumi jioni anasoma kurasa kwa kichwa, kwa lugha ambayo si yake. Wazazi wetu wanaliona hili kila siku na hawaliunganishi na hesabu.

Utaratibu huohuo ndio dawa ya mwanao wa kidato cha tatu. Watoto waliozoea kufaulu bila jasho hufika mahali, mara nyingi kidato cha pili au cha tatu, ambapo kusikiliza darasani hakutoshi tena. Hapo hugundua hawajawahi kujifunza namna ya kusoma. Nitashangaa kama mwanao hasomi. Nadhani anasoma sana, lakini kwa kupitisha macho kwenye noti, na kila kitu kinaonekana anakijua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mtego huu vizuri. Wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia walikumbuka zaidi wakiulizwa baada ya dakika tano. Wakiulizwa baada ya wiki, waliokisoma kisha wakajisaili bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi, kwa mbali. Basi afunge kitabu, aandike anachokikumbuka, afungue, aone alipoacha. Kesho kutwa arudie. Ni kile anachofanya mtoto wa chuoni akimsomea maalim msahafu ukiwa umefungwa. Itamuuma mwanzoni kwa sababu itamwonyesha asichokijua, na ndiyo kazi yake.

Ya jina, wewe ndiye wa kuanza. Waambie shangazi na wajomba, taratibu, waache kumwita kichwa. Hawatakuelewa mara moja, watadhani umemkasirikia. Na usimpe jina baya mahali pa lile zuri. Kijana aliyeshuka huwa tayari amejitafutia jina mwenyewe usiku.

Karatasi ya fizikia usiifanye kesi ya kuficha. Ukianza na "kwa nini umeficha?", mtazungumzia uongo na fizikia itapotea. Mkute akiwa peke yake, babake asiwepo siku hiyo, umwambie umeiona na haimpunguzii chochote machoni pako. Mwambie achague maswali mawili tu kati ya aliyoyakosa, yale anayohisi alikuwa karibu, ayafanye upya na akueleze wewe usiyejua fizikia alikosea wapi. Mawili yatosha kwa wiki ya kwanza. Mkimaliza, karatasi ibaki mezani palepale mnapofungia bajia, ionekane, hata dada yake aione. Huenda dada mtu akajifunza zaidi kwa kumwona kaka anafuta na kuandika upya kuliko kwa lolote nililokuandikia hapa.

Ya macho usiyaahirishe. Mpeleke binti kabla muhula haujafunguliwa, na ukishapata jibu la daktari na jibu la mwalimu, niandikie tena unitajie hiyo mada ya mwisho aliyoielewa. Nitakutumia maswali ya kuanzia hapo.